Mama Kulwa, nahitaji ile mashine

Kirumba, Mwanza
Jumapili usiku

Mama Kulwa, mwadila! Za Dar, za joto, za watoto? Sisi hatujambo. Mama anadai mguu umepungua, ila zile ngazi za kwenye mawe bado anazipanda kwa kusimamasimama. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka. Usininunie, nina shida.

Nataka ile mashine ya ofisini kwenu, ile kubwa ya chini ya meza uliyosema inakesha ikiwaka bure. Ina kumbukumbu gigabaiti ngapi? 64? Niambie ni 128.

Makala yangu ya fizikia imerudi. Mhakiki wa kwanza kaipenda. Wa pili (siku zote ni wa pili) anasema mnyororo wa vijisumaku 16 ninaoukokotoa ni mfupi, nimwonyeshe wa 18. Viwili tu! Utadhani ni kuongeza vikombe viwili vya mchele kwenye sufuria. Sasa sikiliza. Vikiwa 16, nikichukua hali zile tu ambazo nusu vimetazama juu na nusu chini, zipo 12,870, na matriki yake, yaani jedwali la namba lenye mstari mmoja kwa kila hali, inaingia kwenye laptop bila kelele. Vikiwa 18, hali zinafika 48,620. Matriki peke yake inakaribia gigabaiti 19, na laptop yangu ina 16 zote. Hapo hata kukokotoa hatujaanza. Jana nikailazimisha. Ikaganda, feni ikalia kama mashine ya kusaga, halafu umeme ukakatika. Mama akasema, "Afadhali, imepumzika."

Yeye ndiye aliyeniuliza juzi natafuta nini hasa miaka yote hii. Nikamwambia: mama, umbea ukianzia Mwaloni asubuhi, jioni si uko Igoma? Na vitu vingi vilivyo jirani ndivyo vinavyogawana joto, mwishowe vyote vinafanana, hujui nani alianza. Mwanafizikia Anderson mwaka 1958 alionyesha kwamba mahali palipovurugika vya kutosha, elektroni inakwama palepale ilipo. Haya, zikiwa nyingi na zinasukumana? Mwaka 2006 Basko, Aleiner na Altshuler wakapiga hesabu, wakasema zikisukumana kidogo bado zinaweza kukwama. Miaka ya karibuni watu wanabishana: zinakwama kweli, au tunaona hivyo kwa sababu sote tunahesabu minyororo mifupi, kama huu wangu wa vijisumaku? Kwa hiyo yule wa pili, Mungu amsamehe, ana hoja.

Mama akafikiri, akasema, "Kumbe unatafuta mtaa usio na wambea."

Hakuna profesa aliyewahi kuniwekea sawasawa hivyo. Na nilishukuru hakunitajia Kulwa na Doto. Kila anayesikia neno kwanta, hii fizikia ya vitu vidogo kabisa kama elektroni, ananiletea mapacha.

Lingine nalisema harakaharaka: Dresden, Ujerumani, wamejibu, kazi ya utafiti wananipa. Miaka 2. Utakuwa mkataba wangu wa tatu, nina miaka 36 na kitanda changu mwenyewe sijawahi kununua. Hapa nafundisha mwaka wa kwanza mchana kutwa, chaki mpaka kwenye nywele, utafiti ni mama akishalala. Nafungua dirisha, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani kama kuna mji mwingine kule, nami nahesabu. Trieste, kule Italia, nilikuwa na mashine za kila namna, lakini usiku wa kule... basi, tuache.

Nirudi kwenye mashine. Vurugu ya ule mnyororo inapangwa kwa kubahatisha, kwa hiyo kukokotoa mara moja hakutoshi, nahitaji mara mia kadhaa nitafute wastani, na kila mara ni saa kadhaa. Naomba usiku tu, wenzako wakishaondoka. Programu nitakutumia, wewe unabonyeza na kwenda nyumbani.

Bosi wako atakubali, au tusimwambie? Umeme wa ofisini una jenereta? Nikienda, nani atampeleka mama kliniki? Wewe ungewajibu nini? Na ukinijibu, unijibu kama rafiki au kama mtu aliyechoka kunisindikiza uwanja wa ndege? Doto kaacha kunyonya kidole?

Wanataka jibu Ijumaa, kwa hiyo piga kabla. Dagaa nimempa Shija, anapanda basi Nyegezi Jumanne alfajiri. Wameanikwa kwenye nyavu, hawana mchanga, nimewachagua mmojammoja. Umdai yote, unamjua.

Wako,
Kabula