Benki zijilaumu kwa mikopo mibovu

Kwa Mhariri,

Benki zinapolia kwamba Wakenya hawalipi madeni, zituambie pia zilivyokopesha. Chase Bank ya hapa Kenya ilipofungwa Aprili 2016, vitabu vyake vilikuwa vimefichua mikopo mikubwa ya wakurugenzi na wafanyakazi wake wenyewe. Marekani nayo, wasio na uwezo walikopeshwa kununua nyumba, madeni yao yakauzwa kama mali safi. Madeni hayo yalipoharibika, 2008, benki zikaogopa hata kukopeshana.

Hapa Nairobi nyumba za rehani hunadiwa zikakosa wanunuzi. Badala ya kukubali hasara, benki huongezea mdaiwa muda, deni likaonekana kama bado linalipwa. Fedha zikikwama humo, anayenyimwa mkopo ni mfanyabiashara mdogo wa soko la Gikomba! Benki Kuu ikague upya thamani ya nyumba hizo zilizowekwa dhamana, bila kutegemea wathamini wa benki zenyewe.

Msomaji,
Buruburu, Nairobi