Mtu mzima wa barafuni naye ana haki ya kubadili kocha

Ndugu Mhariri,

Kurasa zenu za michezo nazisoma sana na sina ugomvi na mpira, ila leo naomba kanafasi niongelee mchezo ambao kwenu unaonekana Olimpiki ya majira ya baridi ikifika halafu basi, tunasubiri miaka 4 mingine. Naongelea kuteleza kwenye barafu kwa mitindo, hii figa skeiti ya kuruka na kuzunguka na muziki. Na wala siongelei mabingwa, naongelea sisi tulioanza kujifunza ukubwani, watu wenye kazi na magoti yanayolia asubuhi, na hasa lile swali ambalo watu wananivuta pembeni ya uwanja kuniuliza kwa sauti ya chini utadhani wanaomba talaka: hivi kocha wangu naona hanifai, nibadilishe au nivumilie tu?

Badilisha. Ndo jibu langu, na naandika hapa ili wengine wasione aibu.

Najua kwanini watu wanavumilia, mi mwenyewe nimeona. Mtu mzima akipokelewa na kocha wa skeiti anajiona kama amefanyiwa hisani, anasema kwa umri huu nani mwingine atanichukua, halafu makocha wote wanafanya kazi kwenye barafu hiyohiyo moja, ukihama leo kesho mnapishana getini, macho kwa macho. Basi mtu anabaki. Analipa, anaanguka, anarudi nyumbani na michubuko, na mwaka unaisha bado hawezi kurudi kinyumenyume bila kushika ukuta, kisha anahitimisha kwamba mwili wake ndo umezeeka. Mara nyingi sio mwili jamani. Ni ufundishaji.

Kocha wangu wa kwanza alikuwa mtu mwema, alishindana enzi zake na watoto anaowafundisha wanarudi na medali, hilo simnyang'anyi. Lakini mtoto na mtu mzima hawajifunzi sawa. Mtoto unamwonyesha, anaiga, anaanguka kutoka kimo kifupi, anacheka, anarudia. Mtu mzima kwanza ubongo wake unapiga hesabu ya nyonga kuvunjika na siku za kukosa kazini, na pili anataka kujua kwanini. Mi nilikuwa nauliza kwanini, naambiwa "goti!" Nakunja goti, nayumba, naambiwa tena "goti!" Kwa hiyo somo zima ni goti goti goti, na dakika za mwisho macho yake yameshahamia kwa wale wadogo wanaojiandaa na mashindano, we umeachiwa uzunguke uwanja "ujizoeze". Hapo sasa unajizoeza nini zaidi ya kukomaza makosa yako?

Kocha niliyenaye sasa hivi ni mdogo kwangu kwa umri, ananiita dada na mi namwita kocha. Somo la kwanza la majaribio hakuniambia hata niteleze. Alinikalisha benchi akaniambia nifungue kamba, akabonyeza pembeni ya kiatu, akaniambia sukuma kisigino juu, na kisigino kikapanda ndani ya kiatu. Akasema sasa dada, mguu unaogelea humu ndani, chuma cha chini ya kiatu kinaenda kivyake na we unaenda kivyako, halafu unaambiwa muoga. Maana watu wazima wengi tunanunua viatu vya skeiti kwa saizi ya viatu vya barabarani, na mara nyingi vya skeiti vinatakiwa viwe vidogo kuliko hivyo, vibane, vidole viguse mbele kidogo tu na kisigino kisicheze. Ugumu wa kiatu nao una kipimo chake, kikiwa laini sana kifundo kinalala, kikiwa kigumu kama cha wale wanaoruka mizunguko mitatu hutaweza hata kukunja hilo goti unalopigiwa kelele. Jambo la dakika chache hilo, na aliyenitangulia hakuwahi kuligusa.

Ila kilichonimaliza kabisa ni pale tulipoingia barafuni. Mashine ya kusawazisha ilikuwa imetoka kupita, uwanja unang'aa, hauna mkwaruzo. Akaniambia nifanye tatu yangu moja. Tatu ni ule mgeuko wa mguu mmoja, unaenda mbele unageuka unamalizia kinyumenyume bila kubadili mguu, na njia yake kwenye barafu inachora namba 3. Nikafanya, nikayumba, nikashika hewa, nikasimama nasubiri kelele. Hakusema goti. Alipiga magoti yeye, akavua glavu, akapitisha kidole kwenye mstari nilioacha. Hapa, akasema, mwanzo uko vizuri, mstari mmoja mwembamba, umelala kwenye makali ya nje, ule ukingo wa nje wa chuma. Hapa kabla ya kona mistari imekuwa miwili, umeogopa ukajiweka bapa, makali yote mawili yamegusa barafu. Na hapa kwenye kona yenyewe panatakiwa pawe na ncha, lakini angalia, pana mkwaruzo mpana na unga wa barafu umejaa, maana yake hujageuka, umeburuta mguu. Akainuka, akanishika mabega akayazungusha kabla mguu haujasogea. Mabega yatangulie, nyonga ifuate, mguu ugeuke mwisho, na ukishageuka mabega yarudi kinyume kidogo yafunge breki, usipofunga utaendelea kuzunguka mpaka chini.

Nikarudia. Ikatoka mbaya bado, lakini nilijua ni mbaya wapi! Mhariri, sijui kama unaelewa raha ya kuanguka huku ukijua umeangukia nini.

Kwa wasiojua, chuma cha skeiti hakina ukali mmoja kama kisu, kimechimbwa mfereji kwa urefu wake wote kwa hiyo kina makali kuwili, ya ndani na ya nje, na karibu mchezo wote ni kujua uko juu ya makali yapi. Mruko wa Lutz na wa Flip ukiangalia kwenye TV ni kitu kimoja, yote miwili unaondoka kinyumenyume kwa kuchomeka meno ya mbele ya chuma, tofauti ni kwamba Lutz unaondokea makali ya nje na Flip ya ndani, na majaji wanakukata alama ukichanganya. Wazee wa mchezo huu walilijua hili mapema, ndo maana zamani mashindano yalikuwa na sehemu ya kuchora maduara na namba nane kwenye barafu, majaji wanainama kukagua mistari. Figa yenyewe ya kwenye jina ndo hiyo michoro. Mashindano ya kimataifa yaliiondoa baada ya msimu wa 1990, watazamaji wa TV ilikuwa inawachosha, lakini kocha wangu bado ananichoresha nane mwanzo wa kila somo na nakuhakikishia kwa mtu mzima hakuna zoezi linalolipa kama hilo. Halina kishindo, halitaki ujana, linataka subira, na subira ndo kitu pekee tunachowashinda watoto.

Sasa kumtafuta kocha. Watu wanaangalia medali alizoshinda, na mi nasema medali zake hazikusaidii kitu we unayejifunza kusimama. Nenda kakae jukwaani uangalie anavyofundisha, bila kumwambia. Je, anaongea na mwanafunzi au anamfokea kutoka mbali? Mwanafunzi akikosea anabadilisha maelezo au anarudia neno lilelile kwa sauti kubwa zaidi? Ana mwanafunzi mwingine mtu mzima? Kama anaye kamfuate huyo umuulize, watu wazima tunapenda kuongea, atakwambia yote mpaka ya nyumbani kwake. Kisha omba somo moja la majaribio, na kwenye hilo somo uliza kwanini. Uliza hata kama unajua. Kocha atakayekereka na kwanini ya kwanza hatavumilia ya ishirini. Na mwambie ukweli unataka nini, kama ni kushindana au ni kuteleza tu muziki ukipigwa, na mwambie magonjwa yako yote, goti, mgongo, kizunguzungu, presha, usijifanye ngangari, maana kocha anayejua anaweza kuchagua uanze mzunguko wa miguu miwili badala ya kukurusha.

Na kuna mtu atasema mbona darasa la pamoja lipo na bei yake ni nafuu. Ni kweli na wa kuanza aanzie huko, ajifunze kusimama, kusukuma, kuanguka na kuinuka, hakuna haja ya kocha binafsi kwa hayo. Ila ukifika kwenye mgeuko na mzunguko wa mguu mmoja, kwenye kundi lenye watu wengi hakuna atakayepiga magoti kukusomea mstari wako.

Kuhama nako kuna adabu zake, hapa nitakuwa mkali kidogo. Usianze kufundishwa na mpya kwa siri huku wa zamani bado anakuandikia ratiba. Uwanja hauna siri. Mwambie wa zamani kwanza, ana kwa ana ikiwezekana, maneno machache: nashukuru, nimeamua kujaribu namna nyingine, nadaiwa kiasi gani. Ukilipa deni la masomo hakuna atakayekuwa na neno na wewe. Usimseme vibaya kwa mpya, na mpya akianza yeye kumsema mwenzie basi hapo jiulize vizuri, kesho atakusema wewe. Huko Marekani makocha wana chama chao, Professional Skaters Association, na kanuni zake za maadili zinamkataza kocha kumshawishi mwanafunzi wa mwenzake ahame. Lakini uamuzi wa kuhama ni wa mwanafunzi na hakuna kanuni inayomfunga. Mi nilivyomwambia kocha wangu wa kwanza nilikuwa natetemeka, yeye akasema sawa, akanitakia heri, na mpaka leo tukipishana ananipungia mkono. Pengine alipumua, sijui.

Halafu hii hoja ya "umri huu unatafuta nini barafuni" naomba tuizike. Mwaka 2024 kule Montreal, mashindano ya dunia ya kuteleza wawili wawili yalichukuliwa na Deanna Stellato-Dudek na mwenzake Maxime Deschamps wa Kanada, na mama huyo alikuwa na miaka 40. Arobaini! Alishaacha mchezo akiwa msichana kwa sababu ya majeraha, akakaa nje miaka 16, akarudi. Sawa, yeye alikuwa na msingi wa utotoni, sisi hatuna, na sisemi mtu aanze akiwa na 40 akaote dhahabu ya dunia. Ila hata sisi wa msingi wa juzi tuna mahali petu, Marekani wana mashindano ya taifa ya watu wazima tangu 1995, na shirikisho la dunia la mchezo huu lina mashindano ya watu wazima Oberstdorf, Ujerumani, kuanzia 2005, wanagawanywa kwa umri na kiwango, kuna wa miaka 28 na kuna mabibi na mababu, na wanapigiwa makofi kwa mruko wa nusu mzunguko. Mruko wangu wa nusu mzunguko, naomba iandikwe, unatua. Sio kila mara.

Nachoomba kwako Mhariri ni kitu kidogo. Dawati lenu la michezo likiandika habari za barafu lisiishie kwa watoto wa miaka 17 wanaoruka mizunguko minne hewani. Siku moja muwaulize makocha swali hili: mnawafundishaje watu wazima, mmewahi kufundishwa kuwafundisha? Nina hamu ya kusoma majibu yao, maana makocha wengi walifundishwa wakiwa watoto na wanafundisha vilevile walivyofundishwa, na sisi tunaolipa kwa hela zetu wenyewe tunapewa masomo ya mtoto kwa mwili wa mtu mzima.

Wako msomaji,
Dada wa barafuni

Nyongeza: kwa wale wanaoanza, vaeni kofia ngumu hata kama hamuoni mtu mzima mwingine aliyeivaa. Ukihisi unaanguka shuka chini kwanza, kunja magoti, angukia ubavuni kwenye paja, sio mgongoni, na ukishafika chini kunja ngumi haraka usiache vidole vimetandazwa kwenye barafu, kuna mtu nyuma yako anakuja na hajui kusimama.