Yaya, kile kichwa hakijapinda

Yaya,

Ndugu yangu mkubwa, ujumbe wako nimeupata. Unataka mtoto wangu mwenye ualbino atoke shuleni, apelekwe shule ya vipofu, eti macho yanacheza na ubongo hauelewi kinachoonekana. Macho kucheza, ni kweli. La ubongo nakukatalia hapa mbele za watu, maana nawe ulilisemea mbele za watu.

Karibu nusu ya nyuzi za neva za kila jicho huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Zingine hubaki upande wake. Kwa mwenye ualbino, melanini, ile rangi ya ngozi na macho, ikipungua jicho likiwa bado linaumbika tumboni, nyingi za nyuzi ambazo zingebaki nazo huvuka. Mtafiti Guillery aliliona hilo mwaka 1969 kwa paka wa Siam, ambao nao wana ualbino wa aina yao. Basi sehemu ya ubongo inayopokea picha hujikuta na ramani za pande zote mbili, kushoto na kulia, moja juu ya nyingine. Ungetegemea mtoto achanganyikiwe. Hachanganyikiwi! Seli zinakaa jirani lakini kila moja inashika upande wake. Kalamu ikiwa kulia, mkono wake unaenda kulia.

Kinachomshinda ni kupima kina, kwa sababu macho yake mawili hayakutani vizuri ndani ya ubongo. Ndiyo maana kwenye ngazi zetu za hapa Kadutu, Bukavu, anatanguliza mguu, anapapasa, ndipo anashuka. Na herufi ndogo zinamsumbua kwa kuwa kitovu cha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hakikukomaa.

Sasa matanga ya Mama. Mtoto alisimama kusoma somo, akageuza uso kushoto kidogo, kidevu chini, kama anavyofanya siku zote. Pale ndipo macho yake yanatulia. Wewe ukatoka kwenye kiti, ukamshika mashavu kwa mikono miwili, ukamnyoosha: "Angalia watu!" Herufi zikaanza kumcheza, akanyamaza. Watu wakasema masikini.

Yaya, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mpaka Ibanda nilipougua. Nakupenda. Lakini usinifundishe kulea. Nani alimwombea mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha linalomwumiza kwa mwanga? Nani anamwandikia masomo upya kwa herufi kubwa usiku, umeme ukirudi? Ni mimi, na anafaulu.

Minervali, ada ya shule, nimeshalipa, anaendelea palepale. Zile dola ulizotuma za kumhamisha sijazigusa. Niambie nimpe nani akuletee.