Kaunti iwape wauguzi nafasi ya kusomea uongozi, kisha iwarudishe wodini

Kwa Mhariri,

Imekuwa kawaida kusikia, mabarazani na hata katika mikutano ya afya hapa Mombasa, kwamba muuguzi anayejiandikisha kusomea shahada ya uzamili ya uongozi wa uuguzi anatafuta njia ya kuikimbia wodi. Akishapata karatasi yake, husemwa, atavua sare, atahamia ofisi yenye kiyoyozi na mgonjwa hatamwona tena. Naomba nafasi katika gazeti lako niijibu kauli hiyo, kwa kuwa mimi ni inchaji, yaani muuguzi msimamizi, wa wodi katika hospitali ya umma ya kaunti hii na wakati huohuo ni mwanafunzi wa shahada hiyo inayosemwa. Sidai kwamba kauli hiyo haina ukweli. Inao, ila lawama imeelekezwa pasipostahili: kinachomwondoa muuguzi wodini ni utaratibu wetu wa kupandisha vyeo, ambao haujui kumtuza muuguzi mzoefu isipokuwa kwa kumtenga na wagonjwa.

Wengi, wakiwamo baadhi ya wakubwa wetu, hudhani kwamba uongozi katika uuguzi huanzia katika ofisi ya matroni, ilhali huanzia kwenye ratiba ya zamu. Inchaji huketi na karatasi iliyopigwa mistari, penseli na kifutio, akaupanga mwezi mzima: huyu yuko likizo ya uzazi, yule ameomba apumzike siku ya Idi, mwingine ametoka kufanya zamu za usiku mfululizo na haifai kumrudisha. Kisha, mambo yakiwa yamepangwa yakapangika, asubuhi anapigiwa simu na muuguzi anayekaa Likoni kwamba feri moja imesimama na watu wamejaa kivukoni. Waliokesha hawawezi kuondoka mpaka wawakabidhi wagonjwa, kitanda kwa kitanda, na kitabu cha ripoti kitiwe saini. Inchaji ndiye anayeamua nani abaki, nani aazimwe kutoka wodi jirani, na mgonjwa yupi aliyetoka upasuaji aangaliwe kwanza. Huo ni uongozi kamili, na ndio unaoamua kama dawa ya saa mbili itatolewa saa mbili au saa nne.

Kazi hiyo tulifundishwa na nani? Katika diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, mlango ambao wengi wetu tuliingilia, usimamizi hugusiwa kwa ufupi, na si makosa, kwa sababu mwanafunzi wa ngazi ile ana mengi ya kujifunza kwanza kuhusu mwili wa binadamu. Baadaye mtu hupewa uinchaji kwa sababu amekaa sana, au kwa sababu ni mkali, au kwa sababu aliyekuwapo amestaafu. Ng'ambo ya kivuko, kule Matuga, kipo chuo cha serikali ambako watumishi wa umma huenda kwa kozi za usimamizi za wiki chache. Sizidharau kozi hizo, lakini zimeundwa kumfaa mtumishi wa idara yoyote, awe wa ardhi au wa maji. Wapo pia wenzangu walioishia kusomea usimamizi wa biashara kwa kuwa ndio uliopatikana jioni mjini, na walichokipata kina faida yake, ila hakikuwafundisha kupima mzigo wa muuguzi mmoja kwa uzito wa maradhi ya wagonjwa alio nao.

Shahada ya uzamili ya uongozi wa uuguzi kwa kawaida huchukua kama miaka miwili kwa anayesoma muda wote, na zaidi ya hapo kwa anayesoma huku akifanya kazi. Mwombaji hutakiwa kuwa na shahada ya kwanza ya uuguzi na leseni hai. Ndani yake mna upangaji wa wafanyakazi, sheria za ajira, ubora wa huduma na usalama wa mgonjwa, mbinu za utafiti, mazoezi chini ya kiongozi mzoefu, na mwishowe tasnifu.

Somo lililonifaa kuliko yote, hata hivyo, ni la fedha, na hapa naomba nikae kidogo. Wodi zetu nyingi huandika maombi ya vifaa pale vinapoharibika. Kipimo cha mtungi wa oksijeni kikivunjika Mei, barua huandikwa Mei. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka serikali ya kaunti iwasilishe katika bunge la kaunti taarifa ya mkakati wake wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ili mwaka wa fedha uanze Julai 1. Barua ya Mei, kwa hiyo, hufika mlango umekwisha kufungwa, na anayejibu kwamba hakuna fedha huenda hasemi uongo. Muuguzi anayeijua kalenda hiyo huanza kukusanya hesabu zake mapema, Oktoba au Novemba: vitanda vingapi, wagonjwa wangapi waliohitaji oksijeni, mara ngapi kipimo kimoja kilizungushwa baina ya wagonjwa wawili. Kisha huzipeleka hesabu hizo kwa msimamizi wa hospitali kabla taarifa ya mkakati haijaandikwa. Tulipogoma mwaka 2017, kuanzia Juni hadi Novemba, kati yetu walikuwapo wengi wa kupaza sauti barabarani na wachache mno wa kuketi na makadirio ya bajeti ya kaunti na kuonyesha ni fungu lipi lingeweza kulipa tulichokuwa tukidai.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Lancet, uliohusisha hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya, ambao walimu wetu huutaja mara kwa mara. Ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anapoongezwa juu ya mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 baada ya kulazwa huongezeka kwa asilimia 7. Utafiti huo haukuhusu shahada ya uzamili, wala haukufanyiwa Pwani, na sipendi kuuvuta kupita urefu wake. Ninachosema ni kwamba idadi ya wagonjwa mikononi mwa muuguzi mmoja ni jambo linaloamuliwa na mtu mahali fulani, na mtu huyo afadhali awe anaijua wodi na anazijua hesabu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa uuguzi na ukunga wa 2021 hadi 2025, liliuweka uongozi sambamba na elimu, ajira na utoaji wa huduma. Mwaka 2019 shirika hilohilo lilieleza kwamba wanawake ni asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya duniani ilhali wanashika asilimia 25 tu ya nafasi za juu. Anayetembea katika wodi zetu, kisha akapanda ghorofani kwenye chumba cha mikutano, hahitaji kuelezwa zaidi.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu, nayo ni nzito: wauguzi hawatoshi, wakienda kusoma nani atabaki na wagonjwa? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.9 duniani, sehemu kubwa yake ikiwa katika nchi za kipato kama chetu na chini yake. Wapo pia wanaosoma ili wapate kuondoka, kwenda Ghuba au Uingereza, ambayo ilitia saini makubaliano na Kenya mwaka 2021 kuhusu ajira za wahudumu wa afya. Lakini kuwanyima likizo ya masomo hakujamzuia yeyote kati ya ninaowajua. Kilichopo sasa ni kwamba anayetaka kusoma hujitafutia mwenyewe: hubadilishana zamu na wenzake, hulipa karo kwa mkopo wa sacco, na hufuatilia kipindi cha jioni kwa simu akiwa ndani ya matatu ya Mtwapa, spika ya sikioni upande mmoja na makanga upande wa pili. Wengine huficha kabisa kwamba wanasoma, wakihofia kuhamishwa. Mtu aliyesoma kwa kujificha, kwa fedha zake, hana deni kwa kaunti, na akipata kazi kwingine sioni wa kumlaumu.

Kwa kuwa chini ya Katiba ya 2010 hospitali zetu za umma ziko mikononi mwa kaunti, ombi langu linaielekea Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Mombasa na Idara ya Afya. Watangaze hadharani masharti ya likizo ya masomo kwa wauguzi: wangapi kwa mwaka, kutoka wodi zipi, kwa zamu gani ili wodi moja isibaki tupu, na kwa bondi, yaani ahadi ya kuitumikia kaunti, ya muda gani baada ya kuhitimu. Tasnifu ya kila anayelipiwa na kaunti iwe juu ya tatizo la hospitali ya kaunti hii, na matokeo yake yasomwe mbele ya wasimamizi wa hospitali hiyo, si kuachwa rafuni chuoni. Masuala hayakosekani, makabidhiano ya asubuhi niliyoyaeleza yangetosha watafiti kadhaa, ilimradi wapate kibali cha kamati ya maadili. Tunacho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa hapa Tudor na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na kuzungumza nao kuhusu masomo ya wikendi kwa wauguzi walio kazini hakuhitaji ruhusa ya Nairobi.

Muhimu kuliko hayo yote, mhitimu arudi wodini. Apandishwe cheo na mshahara akiwa palepale, apewe madaraka halisi juu ya ratiba ya zamu, na awe na kiti katika kamati inayoandaa makadirio ya hospitali. Masharti hayo yakitangazwa kabla ya vyuo kuanza kupokea wanafunzi Septemba, atakayeomba likizo atajua ni wapi atakaporudi kufanya kazi, na wagonjwa wa wodi yake watajua kwamba hawajaachwa.

Muuguzi,
Mombasa