Baba Pacha, huo mfuniko usiufunge kwanza

Baba Pacha, salamu sana.

Habari za siku nyingi? Huku wote wazima. Salamu za Bibi zimefika, mwambie nitampigia. Nilikuwa nikujibu kwa utulivu mwisho wa wiki, lakini nilipofika pale ulipoandika kwamba mbao umeshakata, sanduku la vichezeo vya pacha limesimama, na kilichobaki ni mfuniko na komeo, nikaona niandike leo leo. Tafadhali, mfuniko usiufunge kwa bawaba kwanza.

Mchoro wako nimeutazama vizuri. Plaiwudi ya milimita 18, gundi na skrubu, vipande vya kuimarisha pembe kwa ndani: hapo sina neno, hata yule mzee aliyetufundisha kushika randa angeridhika. Lakini mfuniko wa sentimita 90 kwa 45, wa plaiwudi hiyo hiyo, una karibu kilo nne. Mfikirie mmoja wa hao pacha. Kigari anachokitaka kiko chini kabisa, konani. Anauinua mfuniko, anausukuma ugote ukutani. Anashika ukingo, anainama, kidevu kinavuka ubao, visigino vinaachana na sakafu. Mwenzake anapita, anaugusa. Mfuniko unashuka wote kwa mpigo, na kinachoupokea ni shingo. Mtoto wa miaka miwili aliyebanwa hivyo hana nguvu ya kuunyanyua, na akibanwa koo hata kulia hawezi. Watoto wamekufa hivi, ndugu yangu. Ndiyo maana kiwango cha usalama wa vichezeo cha Marekani, ASTM F963, kinataka mfuniko wa bawaba wa sanduku la vichezeo, ukiachiwa ukiwa wazi, usishuke kwa uzito wake zaidi ya milimita 12 hivi.

Mnyororo ulioufikiria hausaidii. Unazuia mfuniko usipitilize nyuma, kushuka hauuzuii. Kinachotakiwa ni mkono wa chuma wa kushikilia mfuniko, wenye springi au msuguano, unaoendana na uzito wa mfuniko wenyewe. Ukishaufunga, ujaribu: inua kidogo uachie, inua nusu uachie, inua karibu wima uachie. Kila mara mfuniko ubaki pale pale ulipouacha. Ukiporomoka hata mara moja, mkono huo hautoshi, ongeza wa pili au tafuta wenye nguvu zaidi. Angalia na upande wa bawaba, maana vidole huingia huko: nafasi kati ya mfuniko na ubao iwe chini ya milimita 5, au izidi 12, tangu ukiwa umefungwa hadi ukiwa wazi.

Komeo litoe kabisa. Najua Mama Pacha anataka sebule ionekane nadhifu, na ana haki, lakini watoto hupenda kujificha, na sanduku likiwa tupu ni chumba. Mmoja anaingia, mwenzake anapachika komeo, kisha anaona kitu kingine anakwenda zake. Hao wako wawili na hawatulii, wamemrithi baba yao! Hewa nayo iwe na njia ambayo haizibiki hata sanduku likisukumwa ukutani. Ubao wa mbele ukate upinde kwenye ukingo wa juu, wa kina cha sentimita tatu na urefu wa viganja viwili. Hapo hewa inapita, na vidole vya mbele vinapona. Ongeza matundu ya milimita 30 ubavuni, pande zote mbili.

Lakini ukiniuliza mimi, mfuniko wa nini? Sanduku la wazi mtoto analiona lote, anachukua na anarudisha. Lenye mfuniko hugeuka meza, vitu vinapangwa juu, na vichezeo vinabaki sakafuni vile vile. Kama ni vumbi, tengeneza kifuniko chepesi cha plaiwudi ya milimita 6, kisicho na bawaba, kinachokaa juu tu na kuondolewa. Kama ni kiti anachotaka Mama Pacha, mtengenezee benchi. Wewe benchi unalimaliza kwa siku moja.

Na kina, sentimita 45 ni nyingi. Vitu vidogo vinazama, na mtoto akitaka kimoja anamwaga vyote. Kwa kuwa mbao umeshakata, ipandishe sakafu ya ndani hadi zibaki sentimita 30, na ule uwazi wa chini uwe droo. Hapo hata kuinamia ndani sana hawatahitaji.

Rangi: lile kopo la zamani la stoo liache. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na watoto hutafuna kingo. Nunua mpya iliyoandikwa haina risasi, na sanduku likae wazi mpaka harufu iishe kabisa. Ukipaka mafuta ya kitani, vitambaa ulivyofutia usivifinyange ukavitupa pamoja, vinapata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke. Pembe zote zipige msasa hadi ziwe za mviringo, mwisho namba 180 inatosha.



Sasa nijibu haraka. Bawaba umeshazifunga, au bado zimo kwenye karatasi? Sanduku litakaa wapi, si chini ya dirisha? Maana watapanda juu yake, na dirisha litakuwa limewafikia. Mbao ulizipata wapi, ni mpya au zimetolewa kwenye kazi nyingine? Kama ziliwahi kutiwa dawa ya mchwa, niambie kabla hujaendelea. Mama Pacha anasemaje kuhusu benchi? Na pacha wakisimama kando ya sanduku, ukingo unawafika kifuani au tumboni? Wapime kesho uniandikie.

Swahiba wako