Bahasha ya dawa ya thairoidi iandikwe saa

Mhariri,

Mgonjwa wa upungufu wa homoni ya thairoidi anapotoka dirisha la dawa, mara nyingi bahasha yake ya levothairoksini, kidonge kinachorudisha homoni hiyo, imeandikwa "1x1" na basi. Kwa dawa nyingi hayo yanatosha. Kwa hii hayatoshi, na wapo wanaoimeza mwaka mzima huku bado wanasikia baridi, choo kigumu, ngozi imekauka na uchovu hauishi.

Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni mbele ya koromeo, ndiyo inayopanga kasi ya mwili kuunguza chakula na kutoa nguvu na joto. Homoni ikipungua, kila kitu kinakwenda polepole: mapigo ya moyo, utumbo, hata ini linavyoondoa lehemu kwenye damu. Uzito nao hupanda, ila sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji na chumvi. Kwa hiyo anayemeza vidonge hivi ili akonde, ilhali tezi yake ni nzima, anajitafutia moyo kwenda mbio na mifupa kudhoofika.

Dozi yake hupimwa kwa mikrogramu, kiasi kidogo mno, na utumbo huifyonza vizuri pasipo na kitu kingine. Imezwe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha mtu angoje dakika 30 hadi 60 ndipo anywe chai. Chai ya maziwa ina kalsiamu, na kalsiamu inaishika dawa. Anayefunga Ramadhani anaweza kumeza anapokwenda kulala, mradi zimepita saa 3 tangu ale.

Wanaotutia wasiwasi zaidi ni wajawazito. Kliniki huwapa vidonge vya kuongeza damu, nao huvimeza pamoja na cha thairoidi ili wasisahau. Madini ya chuma yaliyomo hushikana na levothairoksini tumboni na dawa nyingi huishia chooni. Viachane kwa saa 4. Hayo yanatokea wakati ule ule mahitaji yanapopanda, kwani katika miezi 3 ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama. Anayetumia dawa hii akipima na kukuta ana mimba, aende kwa daktari wiki hiyo hiyo. Kwa kawaida dozi huongezwa kwa asilimia 25 hadi 30, na kipimo cha damu kiitwacho TSH hufanywa kila wiki 4 mpaka katikati ya ujauzito.

Hicho kipimo cha TSH nacho kinasomwa kinyume. TSH ni amri inayotoka kwenye ubongo kuiambia tezi ifanye kazi. Ikiwa juu, maana yake homoni haitoshi. Wapo wanaoona namba kubwa wakapunguza vidonge wenyewe! Na kwa kuwa homoni hii huchukua takribani siku 7 kupungua kwa nusu mwilini, kwa mtu asiye mjamzito kupima wiki 2 baada ya kubadilisha dozi ni kupoteza hela. Ngoja wiki 6 hadi 8.

Ombi letu kwa wenzetu ni hili: TSH ikiwa bado juu, kabla ya kumpandisha mgonjwa kutoka mikrogramu 100 hadi 125, muulizeni anameza saa ngapi na pamoja na nini. Mkimwongezea bila kuuliza, naye baadaye akaacha kumezea chai, dozi itakuwa kubwa: mikono itatetemeka, jasho litamtoka, na kwa mzee mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Na kwenye bahasha andikeni: "Kidonge 1 saa 11 alfajiri, maji matupu. Chai saa 12. Vidonge vya damu, kalsiamu na dawa za kiungulia, mchana." Upande wa nyuma una nafasi.

Wafamasia,
Morogoro