Mguu wa Mama na vile vidonge vya rangi mbili

Pangani, 12 Julai 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Vile vidonge vya rangi mbili ulivyoniagiza nimnunulie Mama yako kwa ajili ya mguu wake wa matende, sikununua. Nakwambia mapema usonye kabisa umalize, halafu usome yaliyobaki ukiwa umetulia.

Hela yako, laki na themanini, ilifika yote. Nimetumia elfu sitini na mbili: beseni kubwa, sabuni za kuogea zisizo na manukato, mafuta ya mgando makopo matatu, bandeji, na fundi wa makubadhi. Zilizobaki ziko kabatini kwangu, risiti nitakutumia.

Ile video uliyotumiwa na wenzio huko Muscat, kwamba vidonge hivyo vinasaidia mguu wa matende, haikudanganya, ila imesimulia nusu. Minyoo ya matende ina bakteria wanaoishi ndani yake, na doksisaiklini, ndiyo vidonge vyako hivyo, huwaua hao. Mnyoo ukiwakosa unakuwa tasa, mwisho unakufa. Ghana walijaribu kwa wagonjwa 162, matokeo yakatoka mwaka 2012: wengine walimeza doksisaiklini kila siku kwa wiki sita, wengine amoksilini, antibaiotiki nyingine, na wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Katika kundi la doksisaiklini, miguu ya baadhi ilipata nafuu. Hata mimi niliposikia habari hiyo mara ya kwanza nilimkumbuka Mama yako.

Lakini yakaja majaribio mengine, Mali, India na Sri Lanka. Safari hii kila mgonjwa, awe na dawa au na kidonge kitupu, alifundishwa kwanza kuosha mguu, kuukausha na kutunza vidonda. Wakafuatiliwa miaka miwili. Waliomeza doksisaiklini hawakuwashinda wenzao. Ndiyo maana nilisimama dirishani kwenye duka la dawa, hela mkononi, nikageuka. Mama ana miaka sabini na moja na tumbo lake unalijua. Wiki sita za antibaiotiki kwa faida isiyoonekana, mimi nimekataa. Daktari akimwandikia siku moja kwa sababu yake, nitakuwa wa kwanza kwenda kununua.

Na kingatiba je? Utaniuliza tu. Zile dawa zinazogawiwa mitaani alikuwa akimeza kila zilipokuja, na zina kazi yake: zinaua watoto wa minyoo walio kwenye damu ili mbu asimpelekee mwingine. Unakumbuka tulivyoamshwa saa sita za usiku na watu wa taa ya chemli, tukatobolewa vidole huku bibi yako akiwatukana? Walikuwa wanawavizia hao hao watoto wa minyoo, maana mchana hujificha, usiku ndiyo hutoka kwenye damu. Ila mguu ulioshavimba ni habari nyingine. Mishipa inayorudisha maji ya mwili imeshaharibika, na hakuna kidonge cha kuishona. Kinachoufanya uzidi mwaka hadi mwaka ni vijidudu vya kawaida vinavyopenya kwenye nyufa za ngozi. Vikiingia ndipo homa inapanda, mtoki unatoka, mguu unawaka moto, na homa ikiisha mguu unabaki mkubwa kuliko jana.

Nyufa zenyewe ziko wapi? Nilikuwa sijui kwa Mama mpaka jioni ile ya kwanza. Aliketi barazani, mguu wa kulia ndani ya beseni, maji ya baridi tu, akaniambia yeye huosha kila siku na mimi nisimfanye mchafu. Kweli ulikuwa msafi. Nikachukua kipande cha kanga kuukuu, nikakisokota chembamba kama utambi, nikakipitisha kati ya kidole cha nne na cha tano. Aliruka. Nilipokitoa kilikuwa na utando mweupe, kinanuka kama unga uliolowa ukasahaulika. Vidole vimebanana mno, kidole cha mtu hakipiti, na miaka yote maji ya kuoshea yalikuwa yakibaki humo humo. Fangasi wamejenga, ngozi imechanika, mlango uko wazi. Mama akainama, akakitazama kile kitambaa kwa muda, akasema, "Kumbe nilikuwa naosha nyumba, nafuga panya uvunguni."

Basi sasa ni kila jioni baada ya alasiri. Sabuni kidogo, mikunjo yote, suuza mpaka maji yatoke meupe, halafu kukausha, na kukausha ndiko kunakochukua muda: mikunjo ya kifundo peke yake ni dakika kumi. Dawa ya fangasi katikati ya vidole, mafuta ya mgando kwingine kote ila siyo hapo katikati. Akilala, mguu juu ya mto, na kitanda nimekiinua kwa matofali upande wa miguuni. Kifundo anakizungusha akiwa anasikiliza redio. Akishikwa na homa ya mguu hatusugui wala hatukandi. Ni maji baridi, kupumzika, panado, na zahanati siku hiyo hiyo. Na chale nimepiga marufuku! Wembe ni mlango mwingine.

Sikuahidi muujiza. Ethiopia kuna ugonjwa unaofanana na huu, siyo wa mbu, unawapata wanaotembea peku kwenye udongo mwekundu wa volkano. Waliwagawa kwa kura wagonjwa 696, nusu wapewe huduma hii hii ya sabuni, mafuta, soksi na viatu mara moja, nusu wasubiri mwaka. Waliosubiri walishikwa na homa ya mguu karibu mara 24 kwa mwaka kila mtu, waliotunzwa kama mara 19. Kumi na tisa bado ni nyingi, sikatai. Lakini mkulima anayelala siku kadhaa kila anaposhikwa, akiokolewa mara tano, hiyo ni palizi nzima. Kwa Mama, tangu tuanze Machi ameshikwa mara moja, Mei wakati wa masika. Mwaka jana hesabu uliipata mwenyewe kwenye simu.

Ninachokereka nacho ni yule mtu wa hospitali aliyemwambia, miaka mingi iliyopita, kwamba mguu wa matende haufanyiwi kitu. Mama aliamini, akakaa ndani, hata kwenye harusi ya Saumu hakwenda. Beseni lilikuwepo muda wote ule.

Sasa yeye ndiye ananiamrisha: "Hapo hujakausha." Amemwita na jirani wa nyumba ya nne, mwenye mguu wake, wanaoshana wakisengenya.

Makubadhi aliyoshonewa yanamfaa ila anasema ni ya kushindia nyumbani. Anataka viatu vya kufunika, laini, vya kuendea Tanga mjini. Wa kushoto anavaa namba 39. Wa kulia hauna namba, kwa hiyo nimeuweka juu ya karatasi nikauzungushia kalamu, alikuwa akicheka kwa mtekenyo ndiyo maana mstari umepinda pale kisiginoni. Karatasi imo humu kwenye bahasha. Mpe fundi wa huko, na umwambie aongeze nafasi ya kidole kizima, jioni huvimba kidogo.

Wako,
Zuhura